Mwandishi Hakusema

Mwalimu alirudisha karatasi za jaribio Jumatatu jioni, na Majibaridi alijua mambo yameharibika kabla ya kuipata yake, kwa sababu mwalimu alikuwa anacheka peke yake. Mwalimu akicheka huku ameshika karatasi yako, ndugu yangu, usitegemee pongezi.

"Kuna mwenzetu mmoja hapa," mwalimu alisema, "kaulizwa swali la tisa: lengo la mwandishi wa kifungu hiki ni nini? Kajibu: Hakusema. Swali la kumi: unadhani kwa nini mwandishi ameandika habari hii? Kajibu: Aulizwe mwenyewe."

Darasa zima la watu wazima likaangua kicheko. Mlinzi wa benki, aliyekuwa na mvi hadi kwenye nyusi, alicheka mpaka akakohoa. Majibaridi naye akacheka, tena kwa sauti, maana mtu mzima akiumbuliwa mbele za watu hana pa kujificha ila ndani ya kicheko chao. Alipofikiwa na karatasi yake aliikunja mara nne bila kuitazama. Hata hivyo alama zilikuwa zimekwisha tajwa: arobaini na tatu, na kufaulu ni hamsini. Yale maswali mawili ya mwisho peke yake yalibeba alama kumi.

"Mama yangu, usinikasirikie," mwalimu alimwambia mlangoni wenzake walipokwisha toka. Alikuwa kijana, hata ndevu hazijamkaa sawa, na sasa uso ulikuwa umemshuka. "Nilitania tu. Lakini Jumamosi si jaribio tena, ni mtihani wenyewe. Hayo maswali huwezi kuyaacha hivyo."

"Sikuyaacha, mwanangu. Nimeyajibu. Mtu hakusema lengo lake, mimi nitalitoa wapi? Nimsingizie?"

Mwalimu alimtakia jioni njema.

Msimcheke na ninyi. Huyu mama alikuwa na miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na jina la Majibaridi alipewa huko, kwa sababu kila anayeanza kazi humsikia akiimba wimbo ule ule: shuka la damu kwanza maji baridi, ukilitia maji ya moto umeipika damu, haitoki tena. Wimbo wake wa pili ulikuwa huu: dobi hafuati habari ya doa. Furushi likishuka kutoka wodini, unafua. Huulizi ni la nani, hubahatishi kilichompata, huendi kusimulia. Siku moja mfuaji mgeni alibahatisha kwa sauti habari ya shuka la wodi ya wazazi, na nesi aliyekuwa amesimama mlangoni akageuka akaondoka analia, kumbe shuka lilikuwa la dada yake. Tangu siku hiyo Majibaridi hakuruhusu mtu akisie ya mwenzake mbele yake. Sasa leo anakuja mtu na karatasi, anamwambia akisie ya moyoni mwa mwandishi ambaye hata sura hamjui. Aliona ni utovu wa adabu, tena wenye alama.

*

Jumanne asubuhi kulikuwa na tangazo ukutani, kando ya mashine ya kukaushia. Msimamizi wao alilibandika, akaweka rundo la fomu za kijani juu ya meza ya kukunjia, akatoka upesi kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Wafuaji wote saba wakajikusanya, kisha wote wakamtazama Majibaridi.

"Soma wewe, mwanafunzi," alisema Bibi Pasi, mkubwa wao kwa umri, ambaye mikono yake ilishika pasi tangu wengine hapo hawajazaliwa. "Sisi wengine macho yetu yanaona mashuka tu."

Majibaridi akasoma, kidole chini ya mstari:

"Uongozi una furaha kuwajulisha wafanyakazi wa kitengo cha ufuaji kwamba mashine mpya zitaanza kazi baada ya miezi miwili. Mashine hizi zitaendeshwa na wenye cheti cha elimu ya msingi. Kwa kuthamini utumishi wenu wa muda mrefu, uongozi umeandaa fomu kwa wasio na cheti wanaopenda kupumzika kwa hiari na kwa heshima. Fomu zirudishwe Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Watakaobaki watapangiwa majukumu kulingana na mahitaji."

Mashine zilinguruma. 

"Wametufikiria," Bibi Pasi alisema mwishowe, ingawa sauti yake haikuwa ya mtu aliyefikiriwa. "Wangeweza kututoa kama maji machafu. Kumbe wanasema kwa heshima."

"Nani ana cheti hapa?" mmoja aliuliza.

Hakuwepo. Majibaridi alikuwa na daftari, kalamu, na arobaini na tatu. Habari ya mashine ilikuwa imevuma tangu mwaka uliopita, na ndiyo iliyompeleka darasani, peke yake kati ya saba. Wenzake walimtania wakati ule wakamwita mama chuo kikuu. Leo hawakumtania. Kila mmoja alichukua fomu yake, naye akachukua yake akaitia mfukoni mwa aproni, na siku nzima akawa anaigusa kama mtu mwenye jino bovu.

*

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na baraza nyembamba. Barazani mumewe alishona viatu, chumba cha mbele kilikuwa na meza moja iliyofanya kazi zote, na kwenye meza hiyo binti yao wa pekee, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa anasoma. Binti alipachikwa jina la Wakili tangu ana miaka mitano kwa ubishi, na wazazi wakabaki kuitana Baba Wakili na Mama Wakili hadi majirani wakasahau majina yao mengine. Mshahara wa hospitali ndio ulioshika nyumba. Viatu vilisaidia, lakini watu siku hizi hununua viatu vya kuvaa na kutupa.

Majibaridi aliweka tangazo mezani, maana alikuwa amelinakili neno kwa neno kwenye daftari, akaweka na fomu kando yake. Mumewe aliichukua fomu akaisogeza mbele ya macho, akaisogeza mbali, akairudisha.

"Herufi ndogo mno hizi," alisema. "Miwani yangu iko wapi sijui."

Miwani hakuwa nayo, na hajapata kuwa nayo. Baba Wakili hakujua kusoma. Mkewe aliligundua jambo hilo mwezi wa pili wa ndoa yao, na kwa miaka ishirini na miwili hakuliuliza hata siku moja. Barua zilipokuja alizisoma kwa sauti "kujikumbusha." Majina ya wateja mume aliyajua kwa soli za viatu vyao. Hivyo ndivyo walivyoishi, wakastahiana.

Akamsomea. Mume alisikiliza huku anavuta uzi kwenye kisigino cha kiatu.

"Jaza tu, mke wangu," alisema. "Upumzike. Mgongo wako huo umechoka. Kwa nini uende Jumamosi kukaa kwenye madawati ya watoto, ufeli, watu wacheke tena? Ondoka na heshima yako."

"Baba, nani kasema atafeli?" Wakili alidakia.

"Mimi sijasema atafeli. Nimesema apumzike."

"Umesema afeli watu wacheke."

"Ona! Nyumba hii siku hizi imekuwa darasa. Mtu akisema neno linapigiwa mstari." Alisimama, akabeba kiatu na nyundo yake, akaenda kumalizia barazani, na nyundo ilisikika ikigonga kwa nguvu kuliko kiatu kilivyohitaji.

Majibaridi aliitazama ile fomu. Moyoni alikuwa amekwisha anza kukubaliana na mumewe, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kicheko cha darasani. Ukijaza, hakuna atakayejua kama ungefeli.

*

Jumatano, kabla giza halijaingia, Wakili alisukuma vitabu vyake kando.

"Mama, leo tunafanya ufahamu. Kifungu chetu ni hiki." Akafungua daftari la mama yake penye tangazo.

"Hicho si kifungu. Hicho ni tangazo la kazi."

"Kimeandikwa na mtu?"

"Ndiyo."

"Basi ana lengo. Swali la kwanza: lengo la mwandishi ni nini?"

"Kutujulisha habari za mashine. Mbona kasema mwenyewe, 'uongozi una furaha kuwajulisha.'"

"Hayo ni maneno yake. Mimi nauliza lengo lake."

"Hapo ndipo mnaponichosha!" Majibaridi alisema. "Ya moyoni mwa mtu nitayajuaje? Nikae hapa nimzushie mtu ambaye hayupo kujitetea? Mimi sikulelewa hivyo, wala kazini sifundishi hivyo."

 Kwa kawaida Wakili angebisha, lakini alimwona mama yake ana machozi karibu, akapunguza sauti.

"Mama, furushi likija na doa la kahawia, unafanyaje?"

"Inategemea. Kama ni chai, kama ni damu iliyokauka, kama ni dawa ya vidonda."

"Unampigia mgonjwa simu umwulize?"

"Wewe nawe. Naliona. Damu iliyokauka pembeni huwa nyeusi na ngumu. Chai inafanya duara, katikati pamepauka. Dawa ya vidonda ina unjano kwa mbali na harufu yake."

"Kwa hiyo hubahatishi."

"Miaka kumi na tisa nibahatishe? Ningekwisha choma mashuka ya hospitali nzima."

"Na humsingizii mgonjwa."

"Mgonjwa simtaji kabisa. Nasema kilichopo kwenye nguo."

"Ndicho wanachokuuliza, mama. Hawataki umseme mwandishi ni mtu mbaya au mzuri. Wanataka useme kilichopo kwenye karatasi, na uonyeshe umekiona wapi."

 Nje nyundo ya mumewe ilikuwa imenyamaza. Majibaridi alilivuta daftari, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza upya, na safari hii hakusoma kama mtu anayesomea wenzake. Alisoma kama anayekagua shuka kwenye mwanga, kipande kwa kipande, akiligeuza.

"Hapa kuna furaha," alisema taratibu. "Hapa kuna kuthamini. Hapa heshima. Maneno matamu matatu, na yote yako karibu na fomu. Kwenye wanaobaki hakuna tamu hata moja." Akaendelea. "Wanaobaki watapangiwa majukumu. Hajasema watafukuzwa. Sisi ndio tulisikia watafukuzwa. Yeye hakuandika."

"Endelea."

"Na hii Ijumaa." Kidole kilisimama. "Mashine ni baada ya miezi miwili. Fomu zina haraka gani? Mtihani ni Jumamosi, na barua ya kuniruhusu kwenda mtihani ofisi ilisaini yenyewe, tarehe wanaijua. Wakili, huyu mtu hataki Jumamosi inikute nikiwa kazini bado."

Aliigeuza fomu ya kijani, ambayo kwa siku mbili aliigusa tu bila kuisoma mpaka chini. Mstari wa mwisho ulisema: *Naacha kazi kwa hiari yangu na sitakuwa na dai lolote.*

"Haya, lengo la mwandishi?" Wakili aliuliza, akijaribu kuficha tabasamu.

"Anataka tujitoe wenyewe, ili asije akaulizwa kwa nini katutoa." Majibaridi alisema hivyo na kujishika shavu, akashangaa. "Na wala sijamsingizia."

*

Ijumaa saa tano msimamizi alishuka na bahasha kubwa. Wafuaji walijipanga mstari, na Bibi Pasi alikuwa wa kwanza, dole gumba limekwisha pakwa wino, fomu imejazwa na mjukuu wake kwa mwandiko mzuri wa shule.

"Samahani, mkuu," Majibaridi alisema.  "Kabla hujapokea, nina swali juu ya tangazo."

"Maswali yapelekwe kwa maandishi, Majibaridi. Nina kazi."

"Ni dogo. Asiyejaza fomu, na hana cheti, anafukuzwa?"

Msimamizi alitazama bahasha. "Tangazo limejieleza."

"Halijajieleza. Nimelisoma mara saba. Limesema watapangiwa majukumu. Nauliza ni yapi."

"Wewe umeanza darasa juzi tu unataka kunifundisha mimi kusoma?" alisema, na mfuaji mmoja akacheka, kwa woga tu. Majibaridi alihisi uso unawaka kama Jumatatu. Lakini Jumatatu alikuwa hana cha kushika, na leo alikuwa na karatasi.

"Sikufundishi, baba. Nauliza kwa sababu hapa chini kwenye fomu imeandikwa anayesaini hatakuwa na dai lolote. Bibi Pasi, hilo ulisomewa?"

Bibi Pasi akageuka. "Dai gani?"

"Lolote, bibi. Kiinua mgongo chako cha miaka yote hiyo ni dai."

Mashine moja ilimaliza mzunguko wake ikazima. Bibi Pasi aliirudisha fomu kifuani taratibu, dole gumba lake la wino akalinyanyua juu lisiguse kitu.

"Msimamizi," alisema, "jibu alichouliza mwenzangu."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa bahasha na kuambiwa arudi nayo imejaa. Alijikuna shingo, akasema ngoja aulize juu, akapanda ngazi. Walimngoja dakika arobaini, na hakuna aliyeondoka kwenye mstari. Aliporudi jasho lilikuwa linamtoka.

"Fomu ni hiari," alisema. "Asiyejaza hafukuzwi. Wasio na cheti watapanga na kukunja, wenye cheti wataendesha mashine. Na atakayepata cheti baadaye ataingizwa mafunzo."

"Tunashukuru," Majibaridi alisema. "Naomba uliandike hilo hapo chini ya tangazo, na uweke sahihi."

 Msimamizi akatoa kalamu akaandika, herufi zimebinyana kwa hasira, akasaini. Bahasha aliondoka nayo tupu. Bibi Pasi alisogea ukutani akautazama mwandiko ule asioweza kuusoma.

"Hebu nisomee," alisema. "Polepole. Na unionyeshe neno 'hafukuzwi' ni lipi."

*

Jumamosi Baba Wakili hakufungua kazi. Alisema sindano yake ya kushonea imevunjika, akamsindikiza mkewe hadi lango la shule ya mtihani, akabaki kwenye ngazi za duka la ng'ambo kwa saa tatu, jua linamfuata akilikimbia.

Mkewe alitoka wa mwisho, vidole vina wino.

"Yule mwandishi wenu alikuwepo?" mume aliuliza wakianza kutembea.

"Alikuwepo. Safari hii walitupa barua. Baba anamwandikia mtoto wake aliye mbali kikazi. Anamwambia mvua imenyesha, paa limezibwa, chumba chako nimekipaka rangi, mbuzi kazaa, chumba chako sasa hakivuji. Basi, salamu. Wanauliza, lengo la mwandishi wa barua hii ni nini?"

"Ukajibuje?"

"Nimesema anataka mwanawe arudi nyumbani, ila anaona haya kumwomba. Nikaandika na ushahidi: chumba kakitaja mara mbili, na hakuna mahali alipomwuliza atakuja lini."

 Walipita duka la vitambaa, wakapita kinyozi.

"Na ukiwa umekosea?"

"Sijakosea," alisema Majibaridi, na kwa mara ya kwanza katika wiki hiyo alihisi njaa.

Wakafika kwenye kona ya mtaa wao. Baba Wakili alipunguza mwendo. Alikuwa anatazama mbele, mikono imekwenda nyuma, kama mtu anayeongea habari za hali ya hewa.

"Hivi lile darasa lenu," alisema, "benchi moja mnakaa wangapi? Maana mtu mwenye miguu mirefu, nadhani anapata tabu pale. Na yule mwalimu, naye ni wa kucheka cheka watu kila siku, au ilikuwa ile siku moja tu?"

Miaka ishirini na miwili Majibaridi angejibu alichoulizwa: wawili wawili, na mwalimu ni mtoto mzuri. Leo alisimama, akamshika mumewe mkono hapo hapo barabarani, jambo ambalo hawakuwa na desturi nalo.

"Jumatatu, saa kumi na moja jioni," alimwambia. "Tutakaa benchi moja."